Maikrofoni Moja Mjini Jadotville: Uhakiki wa Kunaswa kwa Gitaa la Mwenda Jean-Bosco, 1952

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umejengwa juu ya maswali machache yaliyokwisha kuwa ya kawaida: fanani ni nani, hadhira ni ipi, fani inatendwa wapi, lini, na katika tukio gani. M. M. Mulokozi aliyapanga mambo hayo vizuri katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi (Mulika, namba 21, 1989), na tangu hapo mwanafunzi wa shahada ya kwanza huweza kuyataja bila kufungua daftari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyimbo zinazosomwa vyuoni hazikusikiwa na wahakiki wake zikiimbwa. Zilisikiwa kutoka kwenye santuri, kwenye kanda na, siku hizi, kwenye simu za mkononi. Kati ya fanani na mhakiki ameingia mtu wa tatu ambaye hana nafasi katika orodha hiyo: yule aliyeamua maikrofoni iwe ya aina gani, iwekwe wapi, na ielekezwe kwenye nini.

Makala haya yanamchunguza mtu huyo wa tatu kwa kutumia mfano mmoja, nao ni kunaswa kwa gitaa na sauti ya Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville mwaka 1952. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, santuri zilizotokana na kazi hiyo ni miongoni mwa rekodi za Kiswahili zilizosikilizwa mbali zaidi na kwa muda mrefu zaidi katika karne ya ishirini. Pili, zimetumiwa na wanamuziki na wanaisimu kwa namna mbili tofauti, na kila kundi limeziamini kwa kiasi ambacho maikrofoni yenyewe haikuahidi.

Kijana wa Bunkeya na mgeni mwenye mitambo

Jadotville, uliobadilishwa jina mwaka 1966 kuwa Likasi, ulikuwa mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa na viwanda vyake huko Panda na Shituru, na karibu yake kulikuwa na mgodi wa Shinkolobwe. Wafanyakazi walitoka pande nyingi: Wasanga wenyeji wa eneo, Waluba kutoka kaskazini, Wabemba, Walunda, Wayeke, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Lugha iliyowaunganisha kazini na mitaani ni Kiswahili, lakini Kiswahili chenye sura yake, kilichokwisha kuota mizizi mbali na pwani. Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika makao makuu ya zamani ya Msiri, alikulia katika mchanganyiko huo. Aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishughulikia nyuzi nene, shahada nyuzi nyembamba.

Mwezi wa Februari 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi yake Afrika Kusini na ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa akinasa muziki wa Kiafrika, alimkuta kijana huyo akipiga gitaa mtaani. Safari za Tracey ziligharimiwa kwa sehemu na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ambayo ilipata kwake nyimbo za kuuza. Nyimbo za Mwenda zikatolewa kwenye santuri za Gallotone za mizunguko 78 kwa dakika. Mojawapo, Masanga, ikasifiwa upesi mbali na Katanga, na kufikia mwisho wa muongo huo mpigaji alikuwa amekwisha kualikwa Nairobi, ambako vijana wa Kenya walimsikia redioni. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Yote hayo yalianzia kwenye kifaa kidogo cha chuma kilichokuwa mbele ya gitaa lake.

Historia hiyo imeelezwa mara nyingi, na kwa kawaida huelezwa kama hadithi ya bahati: mgeni akapita, akasikia, akanasa. Neno "akanasa" ndilo linaloficha kazi yote.

Maikrofoni ni sikio la nani?

Picha zilizobaki za safari za Tracey zinamwonyesha mara kwa mara akiwa ameishika maikrofoni kwa mkono, au ameifunga kwenye ufito, akiisogeza karibu na ala. Hili halikuwa jambo la dharura. Katika makala aliyoandika mwaka 1955 katika jarida la African Music kuhusu kunasa muziki nje ya studio, alishikilia kwamba mnasaji lazima aujue muziki kwanza, aelewe ni sauti ipi inayoubeba, kisha ailenge hiyo. Kwake yeye, rekodi ni sanaa yenye mipaka yake, kama ilivyo picha: haiwezi kuchukua kila kitu, kwa hiyo mpigapicha lazima achague. Msimamo huo una heshima yake. Ni bora zaidi ya ule wa fundi anayesimika maikrofoni katikati ya uwanja, akawasha mtambo, akaenda zake kutafuta kivuli, halafu akaita matokeo yake "kumbukumbu isiyopendelea upande wowote".

Lakini kuchagua ni kupendelea, na ni vizuri kuangalia kilichopendelewa Jadotville. Njia ya sauti ilikuwa moja. Hapakuwa na upande wa kushoto na wa kulia, wala uwezekano wa kunasa mdomo na ala katika njia mbili na kuzipima baadaye. Mtu anayeimba huku akipiga gitaa ana vyanzo viwili vya sauti, mdomo wake na tundu la gitaa, vilivyoachana kwa kiasi cha nusu mita tu. Maikrofoni ikiinuliwa shibiri moja, maneno yanatoka mbele na gitaa linarudi nyuma. Ikishushwa shibiri moja, mambo yanageuka. Katika eneo wazi, umbali kutoka kwenye chanzo ukizidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na tofauti hiyo inasikika wazi hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mitambo. Kwa hiyo, katika kunasa kwa karibu, shibiri ni kipimo kikubwa. Ni hukumu juu ya nani anayesema.

Msikilizaji wa santuri za Jadotville atatambua upesi hukumu iliyotolewa. Nyuzi nene hazivumi kupita kiasi, kama ambavyo zingefanya maikrofoni ikikabili tundu la gitaa moja kwa moja, na nyuzi nyembamba hazikusagika. Mguso wa kidole juu ya uzi unasikika kabla ya sauti ya uzi wenyewe. Dalili hizo zinaelekeza kwenye maikrofoni iliyokuwa karibu, na iliyoepushwa kidogo na tundu, yaani ikielekea upande ambapo shingo ya gitaa inaungana na tumbo lake. Mahali hapo ndipo mafundi wengi wa leo hupachagua, kwa umbali wa shibiri moja hadi mbili. Tofauti ni kwamba leo panafundishwa kama kanuni, ilhali mwaka 1952 sikio na mkono vilitosha.

Matokeo yake kisanii ni makubwa. Anayeisikia Masanga kwa mara ya kwanza huwa tayari kuapa kwamba wapigaji ni wawili, kwa jinsi gumba na shahada zinavyokwenda kila moja njia yake na kukutana pasipotarajiwa. Udanganyifu huo mtamu ni kazi ya Mwenda, lakini umefikishwa na maikrofoni. Hatua chache nyuma, katika mtaa wenye kuta na watu, sauti za vidole viwili zingeyeyuka na kuwa moja. Kwa mantiki hiyo, msikilizaji wa santuri alilisikia gitaa la Mwenda vizuri kuliko mpita njia wa Jadotville. Aliweka sikio mahali ambapo hakuna mtu mwenye adabu angeweka kichwa chake.

Hapa ndipo penye tatizo. Kuna masikio matatu ambayo mnasaji angeweza kuyawakilisha. La kwanza ni la mpigaji mwenyewe, ambaye kichwa chake kiko juu ya ala na anayeihisi pia kifuani. La pili ni la hadhira, iliyo mbele yake kwa hatua mbili au tatu, ikisikia gitaa pamoja na vicheko, miguu, na pengine mtu anayegonga chupa kushika mapigo, kama ilivyokuwa desturi katika muziki wa gitaa wa Katanga na baadaye wa Kenya. La tatu ni la mnunuzi wa santuri aliye Johannesburg, Nairobi au London, ambaye hakuwapo na asingekuwapo. Tracey, ambaye kwa dhamira alikuwa mhifadhi na kwa mkataba alikuwa mtafutaji wa nyimbo za kuuza, alilichagua la tatu. Hadhira ya Jadotville imeondolewa kabisa. Katika istilahi za Mulokozi, mahali na tukio vimefutwa, na fanani amebaki peke yake na fani yake. Hata urefu wa fani umewekwa na kifaa: upande wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu, na wimbo ambao mtaani ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyoupenda ukakatwa kwa kipimo hicho.

Utafiti ulifuata mkono

Uchunguzi wa kwanza wa kina kuhusu Mwenda uliandikwa na David Rycroft na kuchapishwa kwa sehemu mbili katika African Music, mwaka 1961 na 1962. Mada yake ilikuwa ubunifu wa papo kwa papo katika gitaa. Rycroft aliandika nota kwa subira kubwa, na kazi yake ingali inasomwa. Si kosa lake kwamba aliandika juu ya gitaa. Hilo ndilo alilopewa. Kule ambako maikrofoni ilielekezwa mwaka 1952 ndiko kalamu ilikoelekea miaka tisa baadaye. Maneno ya Kiswahili, ambayo kwa wapita njia wa Jadotville huenda ndiyo yaliyokuwa sababu ya kusimama, yalibaki kama kivuli cha nyuzi.

Watafiti wengine walitambua upungufu wa aina nyingine. Gerhard Kubik alionyesha kwamba sauti peke yake haiwezi kusema ni kidole gani kilichogusa uzi gani, na akatumia filamu zisizo na sauti kufuatilia mikono ya wapigaji wa ala za Kiafrika. John Low alikwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1979, akajifunza gitaa kwa kukaa na Mwenda, Edouard Masengo na Losta Abelo, kisha akachapisha shajara ya safari hiyo mwaka 1982. Njia zote mbili ni ukosoaji wa kimya wa maikrofoni ile moja: mmoja aliongeza jicho, mwingine aliongeza mwili wake mwenyewe. Ajabu ni kwamba kwa upande wa lugha hakuna aliyeongeza kitu cha kulingana na hivyo. Maneno yameendelea kunukuliwa kutoka kwenye santuri kana kwamba santuri ni karatasi.

Maneno yaliyomezwa

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili cha Katanga, jambo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili hicho hutofautiana na Kiswahili sanifu katika mambo madogo ya matamshi yanayobeba mambo makubwa ya sarufi. Kiambishi cha wingi wa watu huwa ba- pale ambapo sanifu ina wa-. Sauti h hudondoka mara nyingi, hivyo apana husikika badala ya hapana. Kiambishi cha umoja huweza kubaki na irabu yake, mu- badala ya m-. Anayetaka kujua ni kwa kiasi gani mwimbaji wa mwaka 1952 alifuata lugha ya mtaani, na kwa kiasi gani alijaribu Kiswahili cha vitabu au cha pwani ili aeleweke mbali, hana budi kuzisikia sauti hizo moja moja.

Je, santuri zinaziruhusu kusikika? Uzi mnene wa gitaa lililotungwa kwa kawaida hutoa takriban mitikisiko 82 kwa sekunde, na sauti ya mwanamume anaposema huanzia mitikisiko kama 100. Gumba la Mwenda na koo lake, kwa hiyo, vinashindania chumba kimoja. Maikrofoni ikiwa imeelekezwa kwenye gitaa, mgongano wa midomo unaotofautisha b na w unaweza kufunikwa na uzi uliopigwa wakati uleule. Upande wa juu wa masafa hali si nafuu, kwa kuwa santuri za mizunguko 78 zina mkwaruzo wa sindano usiokoma, na sauti h, ambayo ni pumzi tu, huzama ndani ya mkwaruzo huo. Mtafiti anayeandika kwamba mwimbaji ameidondosha h katika neno fulani anaweza kuwa anaeleza lahaja. Anaweza pia kuwa anaeleza sindano. Toleo jipya la santuri za zamani lililosafishwa kwa kompyuta haliondoi shaka hiyo, na huenda likaizidisha, kwa sababu usafishaji unaofuta mkwaruzo hufuta pia sauti zinazofanana na mkwaruzo.

Johannes Fabian alikabili tatizo kama hili kutoka upande wa pili. Alipochapisha mwaka 1990 ile historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na wafanyakazi wa zamani wa nyumbani mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapo, aliona kwamba maandishi yenyewe, yasiyofuata mipaka ya maneno iliyozoeleka, hayakueleweka vizuri mpaka yaliposomwa kwa sauti na mzungumzaji wa lugha hiyo. Maandishi yalihitaji kurudishwa mdomoni. Nyimbo za Jadotville zinahitaji hatua ya namna hiyo: kusikilizwa pamoja na wazee wa Likasi na Lubumbashi wanaoijua lugha ya miaka ile, na kuandikwa kwa kuonyesha waziwazi ni silabi zipi zinasikika na zipi zimekisiwa. Uhariri wa tenzi za pwani umezoea kazi hiyo; mhariri huweka alama palipoliwa na mchwa. Santuri nayo ina mchwa wake.

Kisanji na mlio wake

Gitaa ni ala iliyoingia kutoka nje, na mtu anaweza kusema kwamba mnasaji kutoka nje aliijua tangu utotoni. Jaribio gumu zaidi ni ala kama kisanji, chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambacho katika Katanga kimekuwapo kabla ya gitaa na ambacho wapigaji wengi wa gitaa wanadaiwa kurithi mkono wake. Sauti ya kisanji si ya vijiti peke yake. Kuna pete ndogo za chuma au vipande vya bati vinavyotetemeka, na mlio huo wa kukereza ni sehemu ya muziki. Asiyeuzoea huudhani ni hitilafu. Katika aina zenye sanduku kuna pia kitundu ambacho mpigaji hukifunika na kukifunua ili kuipindapinda sauti. Vilevile katika madimba, utando wa buibui unaobandikwa kwenye kibuyu huipa kila noti uvumi wake.

Fundi aliyefunzwa na redio hujaribu kuuondoa mlio huo. Huchagua maikrofoni yenye koili, ngumu na ya kuaminika lakini yenye uvivu katika sauti za juu, huiweka mbali na pete, na hujipongeza kwa usafi wa noti. Amesanifisha ala kama vile mhariri anayebadilisha kila ba- kuwa wa-. Tracey aliijua hatari hiyo. Rekodi zake nyingi za ala za vijiti zimeuacha mlio ukitawala kama wapigaji walivyoutaka. Inashangaza kidogo kwamba mtu huyohuyo, alipoanza miaka ya 1950 kutengeneza kalimba za kuuza duniani, alitoa ala safi isiyo na mlio. Alichokihifadhi kwenye mkanda alikiacha nje ya karakana.

Kwa watafiti wanaokwenda Likasi sasa, vifaa ni rahisi kuliko wakati wowote, na ndiyo maana uchaguzi wake haufikiriwi. Kinasa cha kidijitali chenye maikrofoni mbili kichwani huwekwa mezani, na kazi imekwisha. Lakini meza hutetemeka na kuongeza besi ambayo kisanji hakina. Maikrofoni za upande mmoja, zile ambazo usikivu wake una umbo la moyo, huongeza besi zenyewe kadiri zinavyosogezwa karibu; zilizo sikivu pande zote hazina tabia hiyo, na pia husumbuliwa na upepo kwa kiasi kidogo kuliko hizo za upande mmoja. Kwa kisanji katika ua tulivu, ya pande zote iliyo juu kidogo ya bega la mpigaji, ikitazama mikono, hutoa karibu kile anachokisikia mpigaji mwenyewe, mlio na mchezo wa kitundu vikiwamo. Ikiletwa karibu mno, makucha yanayogonga chuma hufunika kila kitu. Maikrofoni za kondensa ndizo zinazoupata mlio vizuri, ila hazipendi unyevu. Kuanzia Novemba hadi Machi, msimu wa mvua wa Katanga, zinaweza kuanza kupasukapasuka zisipohifadhiwa mahali pakavu. Chumba chenye paa la bati hakifai hata kukiwa hakuna mvua, kwa kuwa sauti hurukaruka kati ya bati na sakafu ya saruji, na kila kijiti huonekana kupigwa mara mbili. Ua wenye ukuta wa matofali nyuma ya mpigaji ni bora, mradi upande wa pili uwe wazi.

Kwa mwimbaji mwenye ala, njia mbili zisizochanganywa ndizo zinazoihudumia taaluma ya lugha: maikrofoni moja kwa ajili ya mdomo, nyingine mahali inapoketi hadhira. Ile ya mdomo impe mwanaisimu konsonanti zake. Ile ya hadhira impe mhakiki tukio. Umbali kati ya maikrofoni hizo usiwe chini ya mara tatu ya umbali kati ya kila moja na chanzo chake cha sauti, la sivyo zikisikilizwa pamoja baadhi ya sauti zitafutana. Kama kuna maikrofoni moja tu, makala haya yanachukua upande wa hadhira. Uamuzi huo una gharama: gitaa kama la Masanga lingepoteza baadhi ya maajabu yake, na baadhi ya maneno yangezama katika kelele za watu. Lakini angalau kelele hizo zingekuwa za Likasi, na mhakiki angejua kwamba neno limezimwa na kicheko, na kicheko kilikuja baada ya neno gani.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi, na kwamba idara ya Kiswahili ina kazi nyingine. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama idara hizo zingekuwa hazitumii rekodi. Walter Schicho alipochunguza michezo ya kuigiza ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi na kuichapisha mwaka 1981, msingi wake ulikuwa maneno yaliyotamkwa na waigizaji waliobuni papo hapo, bila matini iliyoandikwa kabla. Katika kazi ya aina hiyo hakuna muswada wa kurejea. Rekodi ndiyo muswada, na umbali wa maikrofoni ni sehemu ya mwandiko wake.

Katalogi kubwa ya mfululizo wa Sound of Africa, ambayo Tracey aliitoa mwaka 1973, ina zaidi ya santuri ndefu 200, na kwa kila wimbo imetenga nafasi ya jina la wimbo, wasanii, lugha, ala, mahali na tarehe, na mara nyingi hata vipimo vya toni za ala. Ni kazi ya uaminifu mkubwa, na wahifadhi wengi wa leo hawajaifikia. Maikrofoni haina safu yake. Safu hiyo isingehitaji zaidi ya mstari mmoja, na mtafiti wa leo anaweza kuuandika mwenyewe kwenye daftari kabla mpigaji hajaanza kutunga ala: kisanji cha vijiti kumi na viwili, uani, ukuta nyuma ya mpigaji, maikrofoni moja ya pande zote shibiri mbili juu ya bega la kushoto, ya pili hatua tatu mbele kati ya wasikilizaji, honi ya kiwanda imelia dakika ya nne, wimbo umerudiwa kwa ombi la wanawake waliokuwa mlangoni.